Stika za sakafuni kwa maduka na ofisi: mwongozo kamili, kuanzia kupima hadi kubandua

Kabla hujawasha kompyuta, kabla hujauliza bei ya roli ya vinili (ile plastiki nyembamba yenye gundi inayoprintiwa stika), nenda kwenye duka lenyewe upige magoti. Weka kiganja sakafuni, kisukume mbele kama unayefuta vumbi mezani, halafu kigeuze ukitazame. Hapa Mwanza, mara tisa kati ya kumi utakuta chenga ndogo zinazometameta. Huo ni mchanga wa mawe yetu. Mji umekaa juu ya miamba ya graniti, mvua inavikwangua vilima vya Igogo na Bugando, maji yanateremka na chenga, na chenga zinaingia dukani kwenye soli za viatu. Zina ugumu wa kutosha kukwaruza kioo. Stika yoyote utakayoibandika itasagwa na chenga hizo kutwa nzima, siku saba kwa wiki.

Ndiyo maana nasema kazi ya sakafuni inaamuliwa ukiwa umepiga magoti, roli ikiwa bado imefungwa. Stika ya ukutani hutazamwa tu. Ya sakafuni inakanyagwa, inamwagiwa maji, inaburutiwa kreti za soda, na juu yake anapita mzee mwenye fimbo. Ikibanduka ukingo, mtu anajikwaa. Ikiteleza, mtu anaanguka. Fundi anayeielewa hivyo atafanya maamuzi tofauti kabisa na yule anayewaza rangi na nembo peke yake.

Ijue sakafu uliyonayo

Sakafu za biashara mjini ni za aina chache. Vigae vya kung'aa, ambavyo wengi tunaviita marumaru, ndivyo vimejaa kwenye maduka mapya, benki na hoteli. Hivi ni rafiki wa stika: laini, havinyonyi maji, vinasafishika. Tatizo lake ni mistari ya grauti, ile saruji inayojaza nafasi kati ya vigae; nitaieleza mbele. Terazo, ile saruji yenye vipande vya mawe iliyosuguliwa ikang'aa, ipo kwenye majengo ya zamani ya katikati ya mji, nayo ni nzuri ajabu kwa kubandika, isipokuwa pale ambapo imepakwa polishi ya nta miaka nenda rudi. Sakafu ya niru, ile saruji iliyosuguliwa ikawa nyororo, inakubali kama haitoi unga. Saruji ya kawaida yenye chembechembe haikubali vinili ya kawaida. Hiyo inataka stika maalumu yenye karatasi laini ya alumini na gundi nzito, ambayo huingia ndani ya vishimo ukiisugua. Zulia lina stika zake zenye gundi ya namna nyingine, na mimi humshauri mteja asahau, abandike ukutani.

Kwa sakafu ya niru au saruji, fanya jaribio la unga: bandika kipande cha tepu pana ya kufungia maboksi, kikandamize, kivute kwa nguvu. Tepu ikirudi na unga mweupe mgongoni, gundi ya stika nayo itashika unga badala ya sakafu. Sakafu hiyo ipakwe kwanza siila, dawa ya kuziba uso wa saruji.

Unyevu ni jambo zito zaidi, hasa kwenye majengo ya chini karibu na ziwa. Wanaofanya biashara ufukweni wanakumbuka mwaka 2020 ziwa lilipopanda kuvuka kiwango cha mwaka 1964. Maji yalifika pale ambapo watu walidhani hayawezi kufika. Hata maji yakirudi, ardhi ya chini hubaki imelowa na unyevu hupanda taratibu kupitia saruji. Kwa macho sakafu inaonekana kavu. Chukua nailoni ya kuangaza, kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache saa 16, maana yake kiweke jioni ukitazame asubuhi. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imegeuka rangi ikawa nyeusi kuliko pembeni, usibandike. Unyevu ule ule utainua stika yako kutoka chini, na hakuna skwiji (kibao cha kukandamizia stika) wala joto litakaloushinda. Saruji mpya nayo iachwe walau siku 28 kabla ya kitu chochote.

Halafu uliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: hapa mnadeki kwa nini? Usimuulize bosi, muulize anayedeki. Niliwahi kubandika stika sita za mishale kwenye duka moja kubwa, vigae vizuri, nimesafisha, nimekandamiza, nimeondoka nimeridhika. Siku ya tatu napigiwa simu, kingo zote zimesimama kama majani ya migomba. Nikarudi, nikapiga magoti, nikapitisha kucha juu ya kigae: kucha ikaacha mstari. Dada wa usafi akaniambia kwa upole, "Kaka, kila Jumapili tunapaka ile dawa ya kung'arisha." Nta. Stika zangu zilikuwa zimeshika nta, na nta haikushika kitu. Tangu siku hiyo, kucha ndiyo kipimo changu cha kwanza. Kama kuna nta, iondolewe yote kwa dawa yake mahali stika itakapokaa pamoja na sentimita 20 za ziada kila upande, na Jumapili inayofuata wasipake hapo tena.

Maliza kwa jaribio la kipande. Bandika kipande cha vinili ile ile utakayotumia, sentimita 10 kwa 10, kiache siku nzima, kisha kivute kwa pembe ya wima. Kinapaswa kung'ang'ania. Kikitoka kama tepu kwenye kioo chenye vumbi, rudi kwenye usafi.

Watu wanapita wapi

Simama pembeni ya mlango nusu saa, saa ya watu wengi, bila kuongea na mtu. Tazama miguu. Utaona njia ambazo mwenye duka mwenyewe hazijui. Kwenye ofisi za kukatia tiketi za boti watu hawaendi moja kwa moja dirishani. Wanasimama kwanza wanasoma nauli, kisha wanakata kona. Kwenye duka la dawa wanaelekea kaunta, lakini mama mwenye mtoto mgongoni anasogea upande wenye benchi. Kwenye supamaketi wanaingia wakitazama kulia au kushoto kutafuta kikapu, hawatazami chini hata kidogo katika hatua mbili tatu za kwanza.

Kwa hiyo mahali pa kizingitini, ambapo kila mteja anataka nembo yake iwekwe, ni pabaya mara mbili: hapasomwi, na ndipo chenga na maji ya mvua vinapomwagikia. Mimi humwomba mwenye duka asogeze stika ndani mita 2 hadi 3 na aweke zulia la kupangusia miguu mlangoni. Zulia hilo la bei ndogo linaongeza maisha ya stika kuliko laminesheni (plastiki ya kufunika juu ya stika) ya bei kubwa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tofauti utaiona kwa macho.

Usiweke stika pale watu wanapogeuka kwa kisigino, kwa mfano mbele kabisa ya kaunta ya malipo. Kisigino kikizunguka kinavuta uso wa stika pembeni, na hapo ndipo hutoboka kwanza. Isogeze nyuma nusu mita. Wala usiweke kwenye mteremko, kwenye ngazi, au sehemu ambayo maji husimama. Sehemu za kuuzia samaki wabichi, kama ilivyo kwenye maeneo ya Mwaloni kule Kirumba, nazikataa kazi hizo waziwazi. Mafuta ya sangara na maji ya barafu vikichanganyika sakafuni, hakuna stika nitakayomwekea mtu pale na nikalala usingizi.

Stika ikitoka nje ya mlango, kwenye baraza au njia ya waenda kwa miguu, mwambie mteja aulize kwanza halmashauri yake, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kuhusu kibali na ushuru wa matangazo.

Dizaini inayosomwa ukiwa umesimama

Hapa ndipo dizaini nzuri za kwenye kompyuta zinapokufa. Kwenye kioo cha kompyuta unaitazama stika kutoka juu, kama ndege. Mteja anaiona kwa mbele, kwa mshazari. Chukua mtu ambaye macho yake yako mita 1.5 kutoka sakafuni, stika iko mita 3 mbele yake. Kwa pembe hiyo, kitu kilicholala sakafuni kinaonekana kimefupishwa hadi chini ya nusu ya urefu wake. Herufi ya sentimita 10 anaiona kama ya sentimita 4 na nusu, iliyobonyezwa. Duara linakuwa yai.

Tiba yake ni kuzirefusha herufi kwa upande wa mtazamaji anakotokea. Kwa maandishi ya kuelekeza, kama "Kaunta ya Dawa" au "Anza foleni hapa", mimi sishuki chini ya sentimita 10 kwa urefu, na huzirefusha kidogo zaidi kama stika inatakiwa ionekane kutoka mbali. Maneno yawe matatu, manne kwa shida sana. Mtu anayetembea hasomi aya. Namba ya simu sakafuni ni karatasi iliyopotea; nani atainama kunakili?

Jaribu hivi kabla ya kuprinti: tandaza magazeti sakafuni, chora herufi kwa makaa au koki kwa ukubwa halisi, rudi nyuma hadi mlangoni, mwite mtu asiyejua kitu aisome. Ni dakika kumi. Imeniokoa mara nyingi.

Rangi nyeusi iliyojaa eneo kubwa iepuke. Kwanza inaonyesha kila mkwaruzo. Pili, kwa mzee mwenye macho hafifu, bapa jeusi kwenye sakafu nyeupe linafanana na shimo, na nimewaona wakisita, wengine wakilizunguka. Zile picha zinazodanganya macho, za mtaro au maji yenye kina, ziache kwa mahali ambapo watu wamekuja kutazama maajabu; dukani zinamshtua mteja. Nyeupe tupu nayo inachafuka kwa siku mbili. Rangi za katikati zenye tofauti ya wazi kati ya herufi na usuli ndizo zinazodumu. Laminesheni yenye chembe hupoozesha rangi kidogo, kwa hiyo zikolee zaidi ya unavyopenda kuziona kwenye kioo.

Na kuna vitu havikanyagwi. Uso wa mtu, awe mwenye duka au mtoto kwenye tangazo. Aya na alama za dini. Bendera na nembo ya Taifa. Mteja akisisitiza, mwelekeze ukutani. Hata jina la biashara, wapo wazee wa Kisukuma ambao hawataki jina la familia yao likanyagwe. Muulize mapema, kwa heshima, kabla hujachora.

Kuhusu faili, nukta 100 hadi 150 kwa inchi kwa ukubwa halisi zinatosha, kwa kuwa hakuna anayeisoma kwa karibu kuliko kimo chake. Pembe zote zizungushwe, walau sentimita moja ya mviringo. Pembe ya mraba ni ukucha unaosubiri dekio.

Vinili, laminesheni, na suala la kuteleza

Stika ya sakafuni ni tabaka mbili: vinili iliyoprintiwa chini, na laminesheni yenye chembe juu. Laminesheni ndiyo inayokanyagwa, ndiyo inayozuia kuteleza, ndiyo inayolinda wino. Usikubali kamwe laminesheni ya kung'aa, wala ile ya mati (isiyong'aa) ya kawaida ya ukutani, hata mwuzaji aseme nini.

Nalisema hili kwa sababu niliona matokeo yake. Duka moja la vyakula lisilo mbali na mahali pa kushukia abiria wa boti. Niliuziwa laminesheni nikaambiwa ni ya sakafuni, na kwa kuwa mzigo ulichelewa na mteja alikuwa na haraka, sikuipima. Siku ya pili akaingia mama mmoja na kikapu, kandambili zimelowa. Mguu wake wa kushoto ukakanyaga stika ukaenda mbele peke yake. Alidaka friji, akapiga goti moja. Nilikuwepo, nimekuja kuchukua salio la hela yangu. Nikamshika mkono, "Pole sana mayu, pole," naye akakaa kwenye kreti akilipapasa goti lililoanza kuvimba. Akaniuliza bila hasira, "Hiki kitu mmekiweka cha nini hapa?" Niliibandua stika ile mbele yake. Hela ya salio sikuidai.

Kwa hiyo dai cheti cha kuteleza kutoka kwa mwuzaji. Kuna vipimo viwili utakavyokutana navyo sana. Kimoja ni herufi R na namba, R9 hadi R13, ambacho hupatikana kwa mtu kutembea kwenye ubao unaoinamishwa taratibu uliopakwa mafuta. Namba ikipanda, utelezi unapungua. R9 ni ya mahali pakavu. Kwa duka ambalo watu huingia na miguu iliyolowa, mimi nataka R10 au zaidi. Kingine ni kipimo cha pendulamu (mkono wenye mpira unaobembea na kukwaruza sakafu), ambapo alama 36 na kuendelea, sakafu ikiwa imelowa, huhesabiwa kuwa na hatari ndogo ya kuteleza. Cheti kiwe cha laminesheni hiyo hiyo, jina kwa jina.

Halafu jipimie mwenyewe. Bandika kipande cha nusu mita kwenye kigae, mwaga maji na tone la sabuni, vaa kandambili zilizolika soli, shikilia meza, sukuma mguu mbele. Kandambili zilizolika ndizo wateja wetu wanazovaa. Kipande kikikufanya ushike meza kwa nguvu, kirudishe dukani.

Kwa upande wa gundi, tangazo la mwezi mmoja au miwili litumie gundi ya kutoka kirahisi, na alama za kudumu za kuelekeza zitumie gundi ya kudumu. Ukibadilisha, utalia wakati wa kubandua au wakati wa kudeki. Sehemu zenye mikokoteni ya mizigo zinataka laminesheni nene zaidi, ile ya polikaboneti (plastiki ngumu).

Roli nyingi zinatufikia kutoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000 chini ya magunia na masanduku. Fungua boksi palepale unapopokea. Roli iliyobonyea itakuwa na alama kila mzunguko hadi mwisho, na hakuna laminesheni itakayoficha. Ukifika, isimamishe wima ndani ya boksi lake, mbali na bati lenye jua.

Kuprinti na kukata vipande

Pima sakafu kwa vigae. Roli za kawaida zina upana wa mita 1.27, 1.37 au 1.52, kwa hiyo stika ya mita 2 lazima iungwe. Unganisho likae kwenye mstari wa grauti. Vigae viwili vya 60 au vitatu vya 40 vinakupa sentimita 120 na unene wa grauti juu yake, na 120 inaingia kwenye roli ya 1.27 ukibakiwa na nafasi ya kukata. Stika ya mita 2 basi iwe kipande cha 120 na kipande cha 80, siyo mita na mita. Pima grauti yenyewe kwa rula, kwa sababu mafundi wetu wa vigae huacha milimita 2 upande huu na 5 upande ule.

Baada ya kuprinti, subiri. Wino wa solventi na eko-solventi una kemikali inayohitaji kupanda hewani, na ukiufunga na laminesheni ungali mbichi, kemikali inashuka kwenye gundi na kuilainisha. Stika hiyo itajikunja kingo ndani ya wiki moja. Iache saa 24, bora 48, ikiwa imeviringishwa kwa ulegevu na kusimamishwa ili hewa ipite. Mteja atakupigia simu, atakuambia jirani yake aliprintiwa asubuhi akabandikiwa mchana. Msikilize, usimwambie jirani yake amepigwa, na usibandike. Ninayesema haya najua uchungu wa kusubiri siku mbili wakati kodi ya fremu inadaiwa.

Laminesheni ipitishwe kwa mwendo mmoja bila kusimama. Umeme ukikatika katikati, mstari unabaki, kwa hiyo usianze jioni ambayo umeme umekuwa ukicheza. Ipumzishe tena usiku mmoja kabla ya kukata.

Usiku wa kubandika

Fanya kazi baada ya duka kufungwa. Unahitaji vifaa hivi: brashi ngumu, wembe wa kukwangulia, sabuni isiyo na mafuta, maji safi, alkoholi au spiriti, vitambaa visivyotoa nyuzi, futi, chaki, tepu ya karatasi, skwiji yenye kitambaa laini ukingoni, rola nzito, kisu chenye wembe mpya, sindano, na mashine ya hewa moto. Pia magodoro madogo ya magotini. Usiyadharau.

Anza na kukwangua bazoka na gundi za zamani. Fagia, kisha fagia tena. Osha kwa maji ya sabuni, sugua grauti kwa brashi, suuza mara mbili kwa maji matupu. Hapa wengi huishia. Sabuni inayobaki ni ukuta kati ya gundi na kigae. Acha ikauke kabisa, washa feni, na grauti usiiamini kwa macho: ibonyeze kwa karatasi ya chooni, ikilowa hata doa, subiri. Mwisho futa kwa alkoholi, kitambaa kimoja cha kufutia, kingine kikavu cha kufuata nyuma kabla haijapaa. Kitambaa kikirudi cheusi, rudia. Milango iwe wazi wakati wa alkoholi, na sigara ama jiko visiwe karibu.

Sasa funga milango na uzime taa za nje. Walio mbali na ziwa hawatalielewa hili. Kuna siku, hasa chache baada ya mwezi kuandama, vijidudu vya ziwani vinapanda juu ya maji kama moshi na vinafuata taa. Ukiacha mlango wazi na gundi imefunuliwa, dakika mbili tu utakuwa na mamia yamenasa, na kila kimoja kitakuwa kipele chini ya stika. Niliwahi kutupa mita 3 za vinili kwa ajili hiyo. Taa ya kufanyia kazi iweke mbali na roli, na karatasi ya nyuma ifunue kidogo kidogo.

Piga mstari wa chaki kwa kufuata grauti, siyo ukuta, kwa sababu macho ya mteja yatalinganisha stika na vigae. Laza stika ikiwa bado na karatasi yake, simama mlangoni uitazame, sogeza, tazama tena. Ishike kwa tepu ya karatasi katikati, iwe kama bawaba. Inua nusu moja, funua karatasi ya nyuma sentimita 15 hivi, ikate, rudisha stika sakafuni, na anza kukandamiza kutoka katikati kwenda nje. Kila mpigo wa skwiji upande nusu juu ya uliotangulia. Kisha vuta karatasi kwa mkono wa kushoto ikitoka chini huku wa kulia ukisukuma skwiji mbele yake. Nusu hiyo ikiisha, toa tepu, geukia nusu ya pili.

Usitumie maji. Kwenye kioo tunapulizia maji ya sabuni ili stika iteleze hadi ikae sawa. Sakafuni maji hayo yanaingia kwenye grauti na hayatoki.

Kiputo kikibaki, kitoboe kwa ncha ya sindano ukingoni mwake na kisukume kutoka mbali kuelekea tundu. Usichane kwa kisu. Mchano utafunguka.

Kwenye mistari ya grauti una njia mbili. Kama grauti iko karibu sawa na kigae na stika ni ya muda mfupi, ipashe joto kidogo na ukandamize kwa kidole kilichovikwa kitambaa hadi iingie. Kama grauti imezama, kata stika kwa kufuata mstari, uache kila ukingo umekaa juu ya kigae, milimita 2 kabla ya grauti. Ni kazi ya saa nzima zaidi na inakera mgongo, lakini stika iliyoning'inia juu ya bonde la grauti hutobolewa na kisigino cha kwanza chembamba. Mkono uwe mwepesi: kisu kikate vinili bila kuchora kigae cha watu.

Maliza kwa rola nzito, mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Pasha kingo zote kwa hewa moto, ziwe vuguvugu za kushikika, na zikandamize palepale kwa nguvu ya mkono. Pitisha kucha kuzunguka ukingo mzima. Kucha isipate pa kuingia.

Kukabidhi na kutunza

Saa 24 za kwanza hakuna kudeki juu yake wala kuburuta kitu, maana gundi bado inajenga mshiko. Kama duka linafunguliwa asubuhi, watu wapite, ila dekio likae kando hadi kesho yake.

Mkabidhi kazi anayedeki, mbele ya bosi. Mwonyeshe kwa vitendo: dekio lililokamuliwa, sabuni ya kawaida, kusukuma kutoka katikati ya stika kwenda nje na si kuchokonoa ukingo. Asimwagie dawa kali ya kung'arishia wala nta. Mpe namba yako ya simu na umwombe akupigie mwenyewe akiona ukingo umenyanyuka hata upana wa kucha. Huyu ndiye atakayeona kwanza, na wengi hawasemi kwa kuogopa kulaumiwa kuwa wao ndio walioharibu.

Rudi baada ya wiki moja, kisha kila mwezi. Ukingo ulionyanyuka ukiwa msafi, ukaushe, upashe joto, ukandamize. Ukiwa umeshaingiwa na vumbi, haurudi. Kata sehemu hiyo kwa mviringo au badilisha stika. Tazama pia chembe za laminesheni: zikishalika na uso ukaanza kung'aa, uwezo wa kuzuia utelezi umekwisha hata kama rangi bado nzuri. Stika hiyo inatoka siku hiyo hiyo. Katika maduka ya hapa, njia ya karibu na mlango imenipa miezi 3, ndani zaidi 6, na kwenye ofisi tulivu karibu mwaka.

Kubandua

Iandike tarehe ya kubandua kwenye ankara tangu mwanzo, na gharama yake. Stika iliyosahaulika miaka miwili hutoka vipande vipande kama ganda la yai.

Pasha kona kwa hewa moto, inyanyue kwa kibanzi cha plastiki, kisha ivute polepole ukiilaza chini karibu na sakafu, joto likitangulia mbele ya mkono. Ukivuta kwenda juu kwa haraka, vinili inatoka na gundi inabaki. Gundi iliyobaki ilainishe kwa dawa ya kuondolea gundi, isubiri dakika chache, ikwangue kwa plastiki, halafu osha kwa sabuni ili sakafu isibaki na utelezi wa ile dawa. Petroli usiitumie ndani ya duka, hata kidogo. Mvuke wake unalala sakafuni na kutambaa hadi kwenye friji au soketi.

Kwenye terazo na niru utakuta umbo la stika limebaki, safi kuliko pembeni. Ni sakafu ya zamani ilivyokuwa kabla ya vumbi. Sugua eneo lote linalozunguka kwa brashi na sabuni hadi lilingane, halafu pitisha kucha tena pale ilipokuwa stika, kabla hujakusanya vifaa.